Pareto Iliyorudi Ndani ya Chupa

Mwishoni mwa karne ya 19, kupe hakuwa adui wa kumnyima Mgusii usingizi. Aliyemnyima usingizi ni mvamizi. Ng'ombe walilazwa kwenye ebisarate, kambi zilizozungushiwa ua wa magogo na miiba mbali kidogo na nyumba, na vijana waliokwisha kutahiriwa ndio waliolala humo na mikuki yao. Walilinda mali ya ukoo dhidi ya Wakipsigis na Wamaasai, na mara nyingine dhidi ya ukoo jirani wa Wagusii wenzao. Ugonjwa wa kuogopwa ulikuwa sotoka, ambayo katika miaka ya 1890 ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki boma kwa boma.

Kupe walikuwepo, tena tele. Milima ya Gusii, nchini Kenya, hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka, na nyasi zake hazikauki kiasi cha kumuua kupe kwa kiu. Watu waliwang'oa kwa vidole, wakawaponda kwa jiwe au kuwatupa motoni, na malisho yalipozeeka wakayachoma. Kazi kubwa zaidi ilifanywa na ng'ombe mwenyewe. Ndama wa kienyeji aliumwa na kupe tangu siku zake za kwanza, wakati mwili wake bado una kinga ya kuzaliwa nayo. Wengine walikufa. Waliosalia waliishi na vimelea vya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, damuni bila kudhurika, na hawakuugua tena. Mpango huo haukupangwa na mtu yeyote, na kwa masharti mawili tu ulifanya kazi: ng'ombe wawe wa hapo hapo, na kupe wasikome kuwauma.

Mkosaji mkuu ni kupe wa kahawia anayependa sikio. Hunyonya damu mara tatu tu maishani, na kila mara kwa mnyama tofauti. Akiwa mdogo mno, mwenye miguu sita, hupanda, hushiba, hudondoka majanini, hujivua ngozi. Kisha hupanda mnyama wa pili. Kisha wa tatu, ambako jike hushiba damu ya kutosha kutaga mayai kwa maelfu. Akiokota kimelea kwa mnyama mmoja, humpelekea anayefuata. Mayai hayarithi ugonjwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya kupe hupita ardhini, mbali na mkono wa mwenye ng'ombe, na kumng'oa mmoja leo hakumzuii mwenzake anayesubiri kwenye ncha ya jani kesho asubuhi.

Kwa ng'ombe asiyezoea, ndigana kali haina masihara. Tezi zilizo chini ya sikio huvimba kwanza, halafu zile za mbele ya bega. Joto hupanda, maziwa hukauka, macho hutoa machozi. Mapafu hujaa maji, ng'ombe anapumua kwa kuvuta, povu linatoka puani. Ndani ya wiki tatu hivi tangu alipoumwa, wengi huwa wameshakufa.

Robert Koch, daktari Mjerumani, aliviona vimelea hivyo katika damu ya ng'ombe mjini Dar es Salaam mwaka 1897, akadhani ni hatua fulani ya ugonjwa wa mkojo wa damu. Kosa lake lilidumu miaka kadhaa. Mnamo 1901 na 1902, ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika Mashariki waliingizwa Rhodesia kuziba pengo lililoachwa na sotoka, na nyuma yao wakaanza kufa ng'ombe wa huko, kundi baada ya kundi. Walowezi waliopoteza maelfu ya wanyama walidai jibu. Arnold Theiler, akifanya kazi Transvaal, alikitenga kimelea hiki na kile cha mkojo wa damu. Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu huko Cape, akaonyesha kwamba mchukuzi wake ni kupe wa kahawia. Ugonjwa ambao ndama wa Gusii alikuwa akiugua na kupona tangu zama na zama ulijulikana duniani kwa sababu uliua ng'ombe wa mtu mwingine, mbali kabisa.

Dawa nayo ilitoka upande huo. Mwaka 1902, Joseph Baynes alichimba josho kwenye shamba lake la Nels Rust, Natal, baada ya Waaustralia wa Queensland kuonyesha kwamba ng'ombe akiogelea kwenye maji ya aseniki kupe hufa. Herbert Watkins-Pitchford, daktari wa mifugo, ndiye aliyekaa na kupiga hesabu ya siku. Kupe mkubwa huhitaji siku kadhaa mwilini kabla hajashiba, na aseniki haibaki kwenye ngozi muda mrefu. Basi ng'ombe aogeshwe kila baada ya siku tatu, kupe asipate nafasi ya kumaliza chakula chake. Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyokuja kuamua ratiba za vijiji vya Kitutu na Nyaribari, huko Gusii, nusu karne baadaye.

Waingereza walifika Gusii na bunduki. Misafara ya mwaka 1905 na ya 1908 iliua watu, ikachoma nyumba na kuswaga ng'ombe kwa maelfu. Ule wa pili ulikuja baada ya Mgusii aitwaye Otenyo kumchoma mkuki Northcote, ofisa wa wilaya. Miaka michache baadaye serikali ilipiga marufuku ebisarate. Vijana walitawanywa, ng'ombe wakarudi kulala nyumbani, wakichungwa na wavulana wadogo kando ya mashamba ya wimbi. Sijaona mahali watawala hao walipojiuliza marufuku yao ingeleta nini kwa afya ya mifugo. Kwao ebisarate ilikuwa kambi ya jeshi, na hilo halikuwa uongo.

Maabara ya mifugo ya Kabete ilipofunguliwa, macho yake yalikuwa kwenye mashamba ya walowezi. Mlowezi aliagiza fahali wa Ulaya, akajenga josho lake, akaweka ua, kisha akaidai serikali iwazuie ng'ombe wa Waafrika wasipite karibu. Karantini zilifunga njia za biashara ya mifugo kwa miaka mingi. Kando ya Gusii, upande wa Sotik, ukanda wa mashamba ya Wazungu ulichomekwa kati ya Wagusii na Wakipsigis, na ndani yake ng'ombe walioshwa kwa ratiba huku ng'ombe wa nje wakiendelea na kinga yao ya kale. Kila upande ulimwona mwenzake kuwa hatari. Kwa jicho la kimelea, wote wawili walikuwa sahihi.

Mabadiliko yaliingia Gusii kupitia mazao. Katika miaka ya 1930, Wagusii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kuruhusiwa kulima kahawa. Katika miaka ya 1950 ikaja pareto, iliyosukumwa zaidi na mpango wa Swynnerton wa 1954, ambao ulitaka mkulima Mwafrika awe na hati ya shamba, zao la biashara na ng'ombe wa gredi, yaani mwenye damu ya Ulaya.

Pareto ni ua jeupe lenye moyo wa njano, asili yake Dalmatia, kando ya bahari ya Adriatiki. Mbegu zake zilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Japani ndiyo iliyoshika soko wakati huo, lakini vita vilipoingia bahari ya Pasifiki mwaka 1941, Marekani na Uingereza zilikosa pa kununulia unga wa kuua mbu na chawa wa askari wao, na Kenya ikawa tegemeo lao kuu. Ua hili hutaka baridi ya milimani ili litoe maua mengi, na milima ya Nyamira, huko Gusii, yenye vilele vya mita 2,000 na zaidi, ilikuwa kama imeumbwa kwa ajili yake. Halikudai shamba kubwa. Akina mama na watoto walichuma kila baada ya wiki mbili hivi, wakaanika mikekani, wakapeleka magunia kwenye chama cha ushirika, na hela zikaja mara nyingi kwa mwaka. Nyumba nyingi zililipa karo kwa pareto. Nyumba nyingi pia zilinunua kwa hela hizo hizo ng'ombe wa kwanza wa gredi.

Ng'ombe huyo alikuja na deni. Alitoa maziwa mara kadhaa zaidi ya yule wa kienyeji, lakini hakujua kupe. Kuumwa kidogo tu na kupe mwenye vimelea kulitosha kumwangusha, na familia iliyouza mbuzi na kuongeza hela za pareto ikabaki na ngozi. Kuanzia siku hiyo, kuosha ng'ombe hakukuwa tena agizo la mzungu wa Kabete. Kukawa wajibu wa mwenye ng'ombe.

Hapo ndipo historia hii inapochekesha kidogo. Mkulima wa Gusii alikuwa na dawa ya wadudu inayomea mlangoni mwake, na haikumfaa kwa kupe. Sumu ya pareto huangusha nzi papo hapo, kwa kuivuruga mishipa yake ya fahamu, lakini jua huivunja ndani ya saa chache. Ng'ombe anayeshinda malishoni hawezi kulindwa na kitu kinachokufa kabla ya adhuhuri. Maua yakaenda Nakuru kukamuliwa, mafuta yake yakaenda Ulaya na Marekani kuua nzi wa jikoni, nayo makapi yakabaki hapa nchini kuwa chakula cha ng'ombe. Ng'ombe alikula pareto, akaoshwa kwa aseniki.

Aseniki haikudumu. Ilikuwa sumu kwa mwoshaji na kwa ng'ombe pia; ilibidi ng'ombe anyweshwe maji kwanza, kwani akifika joshoni na kiu akapiga mafunda mawili anakufa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja toksafini, iliyotengenezwa kwa mafuta ya msonobari na klorini, yenye kukaa mwilini mwa mnyama siku nyingi zaidi, hivyo kuosha mara moja kwa wiki kukatosha. Katika miaka hiyo hiyo idara ya mifugo ilinyunyiza DDT vichakani kando ya mto Kuja, ambao ni Gucha ile ile inayotoka milima ya Gusii, ili kumwondoa mbung'o aliyeleta malale kwenye nchi ya chini kuelekea ziwani. Milimani kwenyewe mbung'o hakusumbua, kwa sababu ya baridi na kwa sababu vichaka vilishafyekwa kuwa mashamba.

Baada ya uhuru, walowezi wa upande wa Sotik walipouza, serikali iligawa sehemu ya ardhi yao kwa Wagusii. Ndio mwanzo wa makazi ya Nyansiongo na eneo zima la Borabu, ambako hadi leo mashamba ni makubwa kuliko kwingineko Nyamira na maziwa ni biashara ya kweli. Kote Gusii yalichimbwa majosho ya jamii. Ninaamini hakuna kitu kilichojengwa vijijini miaka ile, ukiacha shule na kanisa, kilichokutanisha watu kwa ukawaida kama josho. Siku ya josho ilijulikana. Alfajiri njia zilijaa ng'ombe, umande haujakauka. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na mtunza josho aliyejua kupima kina kwa kijiti, kuongeza maji na kuongeza dawa kwa kipimo. Ng'ombe walipita kwanza kwenye kidimbwi cha kuosha matope ya kwato, wakabanwa kwenye ujia mwembamba, wakaruka mmoja mmoja kwenye shimo lenye maji zaidi ya lita 10,000, wakazama kichwa na vyote, wakaibukia upande wa pili wakipiga chafya, wakasimama kwenye sakafu ya saruji ili dawa ichuruzike irudi shimoni.

Kuzama kichwa ndiko kulikokuwa na maana. Kupe wa kahawia yumo sikioni, na hakuna bomba la mkono linalolowesha tundu la sikio kama ng'ombe anayeruka shimoni.

Josho lilikuwa na kasoro zake. Njia ya kwenda huko ilikuwa soko la kupe, kwa kuwa ng'ombe wa kila boma walidondosha wao na kuokota wa wengine. Mvua kubwa ilizimua dawa. Mahali pengine mtunza josho aliongeza maji akasahau dawa, au dawa iliuzwa kwa mlango wa nyuma, na ng'ombe wakawa wanaoga tu. Kupe anayeoga kwenye dawa hafifu bila kufa ndiye mzazi wa kupe sugu. Toksafini ilianza kushindwa hivyo. Zikafuata dawa za jamii ya fosforasi, halafu, kufikia miaka ya 1980, amitrazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikuwa imejitwika uendeshaji wa majosho mengi ya jamii. Mkulima alitoa ada ndogo au hakutoa kabisa, dawa ikaletwa kwa gari la idara. Kisha hazina ikakauka, wakopeshaji wa nje wakataka matumizi yapunguzwe, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 majosho yalirudishwa kwa wananchi yakiwa na nyufa, bila akiba wala dawa. Kamati zilizokuwa zimezoea kupokea hazikujua tena kuchanga. Nyingine zilijitahidi miaka miwili mitatu. Jirani mmoja akiacha kuleta ng'ombe, ada ya waliobaki inapanda, wa pili anaacha. Josho la ng'ombe 800 halilipiki na ng'ombe 90. Wakati huo huo mashamba yalikuwa yakigawanywa kwa wana na wajukuu hadi nusu ekari, ng'ombe wakafungwa bandani wakakatiwa majani ya nepia, na hoja ya kumtembeza kilomita mbili kwenda kuoga ikaisha nguvu. Ukipita vijijini leo utayaona mashimo yale, mengine yamejaa takataka, mengine yamefukiwa kukapandwa ndizi. Udongo ulioshiba aseniki na toksafini si mahali ambapo ningeshauri mtu apande chakula.

Turudi kwa pareto. Wanakemia wawili waliofanya kazi Uswisi, Hermann Staudinger na Leopold Ružička, walikuwa wamechangua umbo la sumu yake na kuchapisha matokeo mwaka 1924. Wenzao waliwaza: umbo likijulikana, linaweza kuigwa na kurekebishwa. Katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake walihangaika na swali la jua kwa miaka mingi. Mwaka 1973 walitangaza permethrini, ambayo haivunjwi na mwanga, na muda mfupi baadaye sipermethrini na deltamethrini, zenye nguvu maradufu. Sumu ilikuwa ya ukoo ule ule wa ua jeupe, inashika mahali pale pale kwenye neva za mdudu, ila sasa ilivumilia jua la mchana kutwa.

Kwa mkulima wa pareto, hiyo ilikuwa habari mbaya iliyochelewa kufika. Kenya iliendelea kuongoza dunia kwa miongo mingine miwili, kwa sababu wapo waliotaka dawa ya asili kwa nyumba na ghala za chakula. Lakini bei sasa ilishindana na kiwanda. Tasmania ilianza kulima kwa mashine. Na hapa nyumbani malipo ya Bodi ya Pareto yalianza kuchelewa miezi, kisha miaka, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa Kisii na Nyamira walipoing'oa mimea yao wakapanda chai, mahindi au nepia. Magunia ya maua yaliyokwisha kupelekwa hayakuwa na wa kuulizwa.

Miaka hiyo hiyo zilianza kuonekana kwenye rafu za maduka ya dawa za mifugo, Keroka, Nyamira mjini na Kisii, chupa ndogo zenye mdomo wa kupimia. Dawa haichanganywi na maji. Humwagwa mstari mmoja mgongoni, kuanzia begani hadi mkiani, nayo husambaa yenyewe kwa kufuata mafuta ya ngozi. Huua kupe, na pia nzi wa zizini anayechoma miguu ya ng'ombe hadi anapiga teke ndoo ya maziwa. Nchi ya chini humuua hata mbung'o. Ndani ya chupa kuna deltamethrini, flumethrini au mwenzao mwingine wa ukoo huo wa pareto ya kiwandani. Mkulima aliyeuza ua kwa senti sasa ananunua mfano wake kwa mililita.

Kipimo cha kawaida ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za ng'ombe. Mnyama wa kilo 400 anataka mililita 40, na hapo ndipo bei inapomfanya mtu aone ng'ombe wake ni mdogo kuliko alivyo. Wenye bomba la mgongoni hufanya vivyo hivyo kwa upande wao: amitrazi mililita 40 kwenye lita 20 za maji inatosha ng'ombe wawili wakubwa walowe kisawasawa, tumbo, chini ya mkia na masikio. Bomba moja kuosha ng'ombe watano ni jambo la kawaida. Zamani kosa kama hilo lilikuwa la mtunza josho mmoja, na kamati ingeweza kumfukuza. Sasa kila boma lina mtunza josho wake, hakuna kamati, na kupe anavuka ua bila kuuliza.

Njia nyingine ipo. Muguga, nje kidogo ya Nairobi, watafiti wa miaka ya 1970 walichanganya aina tatu za vimelea hai vya ndigana kali. Ng'ombe huchomwa mchanganyiko huo na papo hapo sindano ya dawa ya muda mrefu ya kuudhibiti, akaugua kidogo, akabaki na kinga, karibu sawa na ndama wa ebisarate. Chanjo hiyo husafirishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika na hutolewa na mtaalamu, jambo ambalo kwa mwenye ng'ombe mmoja wa bandani ni gharama ya kufikiria mara mbili. Na haizuii magonjwa mengine ya kupe, kama ndigana baridi na mkojo wa damu, kwa hiyo chupa haiondoki.

Kaunti za Kisii na Nyamira ziko tena kwenye mipango ya kufufua pareto, na miche inagawiwa. Wapo wanaotumaini kwamba ua halisi litashinda pale dawa za kiwandani zinapochoka. Sina hakika. Kupe aliyegeuza neva zake akastahimili deltamethrini amebadilisha kitasa kile kile ambacho pareto hutumia kuingilia. Kwake ua la Nyamira si mgeni. Kinachosaidia ni kuhama ukoo mzima wa dawa, kutoka pareto ya kiwandani kwenda amitrazi, tena kwa kipimo kamili na kwa kukubaliana na majirani. Rafu za dukani hazilirahisishi hilo. Majina ni mengi, rangi za chupa ni nyingi, na maandishi yanayotaja kiambato ni madogo mno kwa macho ya mzee. Anayeacha chupa ya bluu akachukua ya kijani, huenda amebeba deltamethrini ile ile.